Simu Moja, Watoto Watatu



Wiki hii twajibu barua iliyotoka mbali na bahari. Aliyeiandika ni mama wa Kimvita aliyeolewa bara, na kwa miaka mingi sasa makazi yake ni Kariandusi, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, ukishaupita mji wa Gilgil. Jarida hili humfikia kwa mkono wa dada yake, ambaye hulikunja ndani ya kifurushi cha achari na tambi, akampa abiria wa kuaminika kila anapompata. Ametuomba tusilitaje jina lake, nasi twaliheshimu ombi hilo. Barua yake ina kurasa nne, imeandikwa kwa mkono, na ndani yake mna habari nyingi za kheri. Lakini katika ukurasa wa tatu anasema jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lililomfanya ashike kalamu: kwamba mwaka 2020 nyumba yake ilikuwa na simu moja ya kuingia mtandaoni na watoto watatu, akampa mwana wa kiume, na hadi leo binti yake hajamlaumu kwa neno lolote, ila yeye mwenyewe ajua alichomfanyia.

Sasa binti huyo amemaliza kidato cha nne. Anataka kuendelea na masomo ya hesabu za biashara akiwa nyumbani, katika chuo kinachofundisha kwa njia ya mtandao. Baba yake hataki. Mama atuuliza sisi nini la kusema.

Kabla ya kujibu, yatupasa kurudi katika mwaka ule, kwa maana wengi wetu tumeusahau kwa haraka kuliko ulivyostahili kusahauliwa. Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza kufungwa kwa shule zote nchini kwa sababu ya maradhi ya korona. Misikiti nayo ikafungwa, na vyuo vya Kurani vikafungwa pamoja nayo. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili, tukaswali tarawehe majumbani, na darsa tulizozoea kuzisikiliza tukiwa tumeketi juu ya mikeka zikatufikia kupitia vioo vya simu. Wanafunzi wa gredi ya nne, wa darasa la nane na wa kidato cha nne walirudi shuleni tarehe 12 Oktoba. Waliobaki walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Kwa mtoto wa darasa la tano hiyo ni miezi tisa na zaidi, muda ambao mama huchukua mimba na kuzaa.

Serikali haikukaa bure katika miezi hiyo. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ilipeleka masomo katika redio ya KBC, katika runinga ya elimu na katika mtandao. Kampuni ya Eneza ilikuwa na mpango wa kumfundisha mtoto kwa ujumbe mfupi hata kwenye simu ya kubonyeza, jambo ambalo twalisifu mpaka leo, kwani lilimfikiria aliye na kidogo. Walimu wenye bidii walipiga picha kazi za hesabu, wakazituma katika makundi ya WhatsApp ya wazazi. Kwa mwenye vifaa, milango ilifunguka. Lakini sensa iliyofanywa mwaka mmoja tu kabla ya hapo, yaani 2019, ilikuwa imekwisha kutueleza hali ilivyo: katika Wakenya wenye umri wa miaka 3 na kuendelea, waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Yaani karibu wanne katika kila watano hawakuwamo. Nasi tulipoambiwa kwamba watoto wa Kenya wanasoma mtandaoni, tulipaswa kuuliza ni watoto gani.

Mama wa Kariandusi atusimulia kisa ambacho sisi wa pwani hatukukiona kwa macho. Mwezi Julai mwaka huo, maputo makubwa yaliletwa juu ya anga ya bonde la ufa ili kueneza intaneti. Yalikuwa ya kampuni ya Loon, tawi la wenye Google, kwa ushirikiano na Telkom Kenya. Yalikuwa takriban 35, yakielea urefu wa kilomita 20 hivi kutoka ardhini, juu kuliko ndege za abiria, yakila nguvu ya jua, na eneo lililokusudiwa lilikuwa karibu kilomita za mraba 50,000, Nakuru ikiwemo pamoja na Baringo, Narok, Kericho na miji mingine. Puto lile halina mashine ya kulisukuma mbele. Likitaka kwenda kando hupanda au hushuka mpaka likutane na upepo uendao huko. Mtu aliyelelewa na manahodha hahitaji kufafanuliwa zaidi: ni kungoja kusi na kaskazi, tofauti ni kwamba pepo hizi zimepangwa ghorofa kwa ghorofa.

Twakiri kwamba habari hii ilitupendeza tulipoisoma wakati ule. Mama aliiona kwa upande mwingine. Ili kufaidika na puto ilihitajika laini ya kampuni ile na simu ya kizazi cha 4G. Simu yao moja ilikuwa ya aina hiyo, laini yao haikuwa. Wakanunua laini, wakapata mtandao katika saa za mchana na wakaukosa usiku, na bando likawa linahesabiwa kama unga wa mwisho wa mwezi. Januari 2021 ilitangazwa kwamba mradi unafungwa, kwa kuwa gharama zake hazikuwa za kuendeleka, na huduma ya Kenya ikafikia kikomo mwezi Machi. Mtihani wa darasa la nane, ule ulioahirishwa kutoka mwaka uliotangulia, ulifanywa katika wiki ya nne ya mwezi huohuo. Binti aliufanya. Alama zake zilimtosha kuingia kidato cha kwanza, asema mama, lakini si katika shule aliyoiota.

Kwa nini simu ilikwenda kwa mwana wa kiume, aliyekuwa darasa la sita tu na asiyekabiliwa na mtihani wowote? Hapa ndipo barua inapogusa nyumba zetu sote, na twawaomba kina mama waisome sehemu hii polepole. Si kwamba wazazi walimpenda zaidi, wala si kwamba walidharau elimu ya mtoto wa kike. Kijana alikuwa mtundu. Asiposhughulishwa alizurura, akavuka barabara kuu ya malori, akaenda kucheza karibu na machimbo. Akipewa simu alitulia. Binti alikuwa mtulivu tangu hapo, alichota maji, alimsaidia mama jikoni, alimlea mdogo wao, na vitabu vyake alivisoma usiku peke yake. Kwa hiyo aliyekuwa na adabu ndiye aliyekosa, na utiifu wake ukahesabiwa kuwa ni dalili ya kutohitaji. Ni mara ngapi tumefanya hivyo bila ya kuwa na korona wala simu? Mkate wa mwisho hupewa anayelia.

Tumepata kusimama Kariandusi sisi wenyewe, tukirudi Nakuru kwenye harusi. Wenzetu walitaka kwanza kuteremka Kikopey kwa ajili ya nyama ya kuchoma, na lazima tuseme kwamba shauri hilo lilipata wafuasi wengi kuliko la makumbusho. Lakini makumbusho nayo tuliyaona. Ni mahali ambapo mtafiti Louis Leakey na wenzake walianza kuchimba katika miaka ya mwisho ya 1920, wakakuta mashoka ya mawe kwa mamia, mengine ya mawe ya volkano, mengine ya jiwe jeusi ling'aalo kama kioo. Mengi yameachwa palepale yalipoonekana, ndani ya mahandaki, yamelala ubavu kwa ubavu. Watafiti huyakadiria kuwa na umri wa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Atakayetaka kubishana nao juu ya hesabu hiyo tutampa nafasi katika toleo jingine. Jirani yake hapo pachimbwa udongo mweupe laini, diatomaiti, uliotokana na viumbe vidogo mno vya maji vya ziwa la kale, na ambao leo hutumiwa kuchujia vinywaji na mafuta. Mume wa mwandishi wetu ndiyo kazi yake. Hurudi jioni nyusi zake zimekuwa nyeupe, asema mama, kama mzee wa miaka tisini.

Jambo lililotushangaza katika barua ni hili: binti huyo, aliyekulia hatua chache kutoka hapo, alikuwa hajaingia ndani ya uzio wa makumbusho hata mara moja. Magari ya shule za mbali yalikuja na kuondoka. Siku moja, akiwa kwa jirani, alionyeshwa katika simu tovuti iitwayo African Fossils, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya yashiriki, na ambamo mtu aweza kuligeuza fuvu au chombo cha mawe kwa kidole chake, akalitazama juu, chini na ubavuni. Akaona shoka la mawe. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake: mambo haya yako hapa petu. Wikiendi ile wakaenda pamoja. Mlinzi akamruhusu kushika jiwe moja lililowekwa kwa ajili ya wageni, naye akasema kwamba katika simu hakujua kuwa ni zito.

Twaipenda habari hiyo kwa sababu inazikataa pande zote mbili za ubishi tunaousikia kila siku. Wako wasemao kwamba mtandao umewatenga watoto na dunia iliyo mbele ya macho yao. Kumbe huyu ni mtandao uliomtoa nyumbani na kumpeleka mahali alipopapita maisha yake yote. Na wako wasemao kwamba kila kitu sasa chapatikana kwenye simu, hakuna haja ya kusafiri wala ya mwalimu. Hao nao hawajui uzito wa jiwe.

Na sisi watu wa pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Intaneti ya kasi iliingia Kenya kwa kupitia mlangoni kwetu. Mwezi Juni 2009 kebo iitwayo TEAMS ilifika Mombasa, ikiwa imelazwa chini ya bahari zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu. Mwezi uliofuata ikawashwa ile ya SEACOM. Kabla ya hapo nchi nzima ilitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kutisha. Tazama njia ile: kutoka pwani ya Ghuba hadi Mvita, kisha bara. Ndiyo njia ya jahazi, ya msahafu wa kuandikwa kwa mkono, ya tende na ya masharifu waliokuja kufundisha. Nyuzi za kioo nyembamba kama unywele zimefuata mkondo uleule, zikapanda bara hadi kumfikia mtoto wa Kariandusi.

Wala hii si mara ya kwanza elimu kubadili chombo, na wazee wetu kuingiwa na wasiwasi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, hapa Mombasa, alikuwa anaitoa elimu msikitini na kuiingiza katika karatasi ambayo mtu yeyote angeweza kuikunja mfukoni. Alihimiza kusoma, kwa wanaume na kwa wanawake, katika zama ambazo wengi waliona inatosha mtoto wa kike ajue kuswali na kupika. Walikuwapo wakati wote walioonya juu ya mtu ambaye mwalimu wake ni kitabu peke yake, na onyo lao lilikuwa na maana. Lakini halikuwazuia kununua vitabu.

Onyo hilo ndilo latuleta kwenye Kurani, kwani mama ameuliza pia juu yake. Msikiti u mbali nao, na mwalimu wa kike wa kuwafundisha binti zake hakuna. Kwa miaka mitatu sasa watoto wake husoma kwa ustadha mmoja wa Mombasa kwa njia ya simu, siku tatu kwa wiki baada ya Alasiri. Na hivi karibuni mama mwenyewe, aliyekatizwa masomo kabla ya kuhitimu, amejiunga na kundi la kina mama wanaosoma saa nne asubuhi kazi za nyumbani zikipungua. Yuko katika juzuu ya kumi na moja. Twampongeza kwa dhati, na twawaambia wale wanaoudharau mtandao wote kwa jumla kwamba wamhesabu mama huyu: lau si simu, msahafu wake ungebaki pale ulipofungwa siku alipoolewa.

Swali lake ni kama usomaji huo unasihi, ikiwa mwalimu hayupo. Fatwa tunawaachia mashekhe. Twaweza kusema lile tulilolisikia kutoka kwa walimu wanaofundisha hivyo. Tatizo la kwanza ni sauti. Simu ya kawaida hupitisha sehemu tu ya sauti ya binadamu, kati ya mitetemo 300 na 3,400 hivi kwa sekunde, kwa sababu kiasi hicho chatosha watu kuelewana. Mivumo ya herufi kama sini, thaa na swadi kwa sehemu kubwa iko juu ya kiwango hicho, basi hukatwa, na mwalimu akasikia herufi tatu kama moja. Kupiga kwa njia ya intaneti ni bora, maadamu mtandao una nguvu. Ukidhoofika, sauti hubanwa vilevile. Tatizo la pili ni kuchelewa. Madi yenye hesabu ya harakati nne au sita haiwezi kupimwa ikiwa sauti yakatika katikati, na mwalimu akisahihisha, sahihisho lake lafika mwanafunzi akiwa amekwisha kuingia aya nyingine. Na la tatu ni kwamba mwalimu wa chuo hutazama midomo na ulimi. Sisi tuliosoma kwa ubao twakumbuka jinsi mwalimu alivyokuwa akijua kosa kabla hatujalitamka.

Walimu hao wamepata dawa ya nusu. Mwanafunzi hujirekodi akisoma mahali palipo kimya, akatuma sauti hiyo kamili. Ustadha huisikiliza kwa wasaa wake, akarudisha masahihisho yenye dakika na sekunde ya kila kosa. Hakuna kukatika, na mtoto aweza kujisikiliza mwenyewe, faida ambayo sisi hatukuwa nayo. Dawa ya nusu ya pili ni kukutana. Mama akija Mombasa kwa Idi, basi watoto wapelekwe kwa mwalimu wao, wakae mbele yake siku nne au tano, wasome uso kwa uso. Silsila ya usomaji imetufikia kwa mdomo na sikio, kutoka mtu hadi mtu, na kiungo chake cha mwisho kisiwe sauti isiyo na uso.

Turudi sasa kwa binti na baba yake.

Hoja ya baba ni fupi, na mama ameiandika kwa uaminifu: simu ni mlango usio na komeo, na msichana akikaa nayo chumbani kwa kisingizio cha masomo hakuna ajuaye anazungumza na nani. Hatutamcheka mzee huyu. Hofu yake ina mashiko. Tumepokea katika dawati hili barua za wazazi ambao binti zao walighilibiwa na watu wasiowajua, na za wengine ambao wana wao wa kiume, naam wa kiume, waliharibiwa na picha wasizopaswa kuziona. Lakini twamwomba atazame kitu kimoja. Komeo hilo halikumsumbua mwaka 2020 simu ilipokuwa mkononi mwa mvulana wa miaka kumi na mbili, kutwa nzima, miezi tisa. Ikiwa mlango ule ni wa hatari, ulikuwa wa hatari zaidi kwa mtoto kuliko ulivyo leo kwa mwanamwali wa miaka kumi na minane aliyekwisha kuonyesha kwamba aweza kusoma bila ya kusimamiwa. Haki haiwi na macho mawili.

Kuhusu masomo yenyewe, elimu ya mbali si ya ovyo kwa kuwa ni ya mbali. Tanzania ilianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, tangu zama za posta na kaseti, na wamepita humo akina mama wengi waliosoma huku wanalea. Kenya ilichelewa: Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilipewa hati yake mwezi Agosti 2023, makao yake yakiwa Konza. Hata huko Marekani, mmoja wa walimu mashuhuri wa mtandaoni, Salman Khan, mwenye asili ya Bangladeshi, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hesabu binamu yake wa kike aliyekuwa mji mwingine. Jamaa wengine wakaomba, akaanza kurekodi, na leo masomo hayo hutolewa bila malipo. Lilikuwa jambo la ukoo, kijana kumsaidia binamu yake.

Ila si kila kijiitacho chuo ni chuo. Siku hizi mtu hufungua ukurasa, akaweka picha ya jengo lisilo lake, akapokea karo kwa simu na kutoweka. Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja, baba na aende mwenyewe, au amtume mtu, akaulize: chuo kikuu kiwe kimeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na chuo cha ufundi na biashara kiwe kimesajiliwa na Mamlaka ya TVET. Orodha zao ziko wazi. Aulize mitihani inafanywa wapi, kwa kuwa mingine humtaka mwanafunzi kufika kituoni. Aulize gharama ya bando kwa mwezi, kwani masomo ya video hula bando kuliko karo inavyoonyesha, na kama mihadhara yaweza kupakuliwa usiku inapokuwa rahisi. Hapo baba atakuwa ameingia katika jambo hili kama baba, badala ya kusimama nje ya mlango akiulaani.

Na simu ikae sebuleni saa za usiku, zote, pamoja na ya baba. Twajua kuwa sentensi hii itatuletea barua.

Limebaki lile la ukurasa wa tatu. Mama hakutuuliza waziwazi, lakini twaona kwamba ndilo lililokuwa zito kwake. Tulimpelekea jawabu letu kwa sauti kabla ya kulichapisha, tukamwambia kwamba kumtaka radhi mwanao hakuvunji heshima ya mzazi, na kwamba ukimya wa binti usichukuliwe kuwa ni kusahau. Baada ya siku sita alituletea ujumbe. Alikuwa ameketi naye jikoni, wakichambua mchele, akamwambia. Binti hakulia. Alisema kwamba kukosa simu hakukumuuma sana, kwa kuwa aliona mwenyewe jinsi mdogo wake alivyokuwa akisumbua. Kilichomuuma ni kwamba kila asubuhi yeye ndiye aliyetumwa dukani kwenda kuichaji, akakaa pale kwenye benchi saa nzima ili isiibiwe, kisha akairudisha imejaa na kumkabidhi kaka.

Mama asema hilo alikuwa hata halikumbuki. Hatukumjibu kitu, na hatukuwa na cha kumjibu.

Baba bado hajasema ndiyo kwa maneno. Jumamosi iliyopita alipanda matatu kwenda Nakuru, akarudi na orodha ya vyuo vilivyosajiliwa, ameikunja ndani ya kitambulisho chake, akaiweka juu ya meza bila kusema lolote. Simu ya pili inanunuliwa kwa mafungu kutoka kwa jamaa yao wa Gilgil, imetumika lakini ni nzima. Laini imesajiliwa kwa jina la binti mwenyewe.